Je, Anafaa, au Anauzika Tu?

Hotuba juu ya amana ya kumchagua kiongozi wa nchi





Kila unapokaribia mwaka wa uchaguzi mkuu mazungumzo ya barazani hubadilika. Hata kabla vyama havijatoa fomu, majina huanza kutajwa. Fulani atagombea, fulani amefuatwa na wazee, fulani bado anasita. Na jina lolote likitajwa, mara huulizwa swali moja: "Huyo anauzika?" Twalisikia swali hilo vijiweni na ndani ya mabasi. Hatuna budi kusema kweli kwamba twalisikia hata kwenye vibaraza vya misikiti yetu, watu wakiwa bado wanatafuta viatu vyao.

Tumesimama kusema machache juu ya swali hilo. Hatukuja kumpigia debe mtu yeyote wala chama chochote. Msikiti si ofisi ya kampeni, na mwenye kuugeuza kuwa hivyo huwagawa watu ambao dakika chache kabla yake walisimama bega kwa bega. Tumekuja kulichunguza swali lenyewe, kwa sababu twaona kwamba limekuwa likichukua nafasi ya swali jingine lililo kubwa zaidi, na amana ya watu wengi imepotea katikati ya maswali hayo mawili.

Tulitazame kwanza neno lenyewe. Kinachouzika ni bidhaa. Mwenye duka la vitambaa haulizi sana kama kitambaa kitadumu. Huuliza kama kitatoka dukani kabla ya Idi. Aliyekinunua ndiye atakayejua kama kinadumu, akishakifua mara ya pili na ya tatu. Katika jambo la urais wanunuzi ni sisi, na kitambaa hicho hakirudishwi dukani mpaka ipite miaka mitano. Basi ni ajabu kubwa mnunuzi akisahau maswali ya mnunuzi na kuanza kuuliza maswali ya muuzaji.

MASWALI MATATU

Mtu anapotajwa kuwa huenda akagombea urais, yapo maswali matatu ya kuulizwa, nayo yana mpangilio wake. La kwanza: je, sheria inamruhusu? La pili: je, anafaa? La tatu: je, watu watamchagua?

Swali la kwanza ni jepesi, maana majibu yake yameandikwa. Katiba ya Jamhuri ya Muungano wa Tanzania, ibara ya 39, yataka mgombea awe raia wa kuzaliwa. Awe ametimiza umri wa miaka 40. Awe mwanachama wa chama cha siasa na mgombea aliyependekezwa na chama hicho. Awe na sifa za kuwa mbunge au mjumbe wa Baraza la Wawakilishi. Na katika miaka mitano kabla ya uchaguzi asiwe ametiwa hatiani mahakamani kwa kosa la kukwepa kodi.

Yafikirini masharti hayo, ndugu zangu. Ukiliacha lile la kupendekezwa na chama, watu wangapi wa mtaa huu wanayatimiza? Mwalimu wa shule ya msingi anayatimiza. Mvuvi wa pwani anayatimiza. Mama mwenye genge la mboga pale sokoni anayatimiza, kama ni raia wa kuzaliwa na umri wake umefika. Sheria imeweka mlango, na imeuweka mpana kwa makusudi, ili asizuiwe mtu kwa sababu ya umaskini wake au ya ukoo wake. Lakini kupita mlangoni si kufaa kukaa kitini. Anayesema "fulani anastahili kwa kuwa Katiba haimkatazi" bado hajasema kitu juu ya kufaa kwake.

KUFAA NI NINI?

Katika Kurani Tukufu, Suratul Baqara, tumeelezwa habari ya Wana wa Israeli waliotaka wapewe mfalme. Alipotajwa Talut, wakubwa wao walikataa. Hoja yao ilikuwa kwamba wao wana haki zaidi ya ufalme kuliko yeye, na kwamba yeye hakupewa mali nyingi. Wakajibiwa kwamba Mwenyezi Mungu amemteua na kumzidishia elimu na nguvu za mwili. Kwa lugha ya vijiweni leo tungesema kwamba wakubwa wale walimwona Talut hauziki: hana ukoo wa kutajwa, hana fedha za kutoa. Jibu walilopewa halikugusa ukoo wala fedha. Liligusa mambo ambayo kazi yenyewe ilihitaji, maana mbele yao kulikuwa na vita.

Vivyo hivyo Nabii Yusufu, amani iwe juu yake, alipoomba asimamie hazina za Misri alitaja mambo mawili juu ya nafsi yake: kwamba ni mtunzaji, na kwamba ana ujuzi. Uaminifu bila ujuzi hautoshi, na ujuzi bila uaminifu ni hatari zaidi.

Na hapa yatupasa tuwe wakweli katika jambo ambalo wengine hawapendi kulisikia. Abu Dharr, Mwenyezi Mungu awe radhi naye, alikuwa miongoni mwa masahaba wakubwa kwa ucha Mungu na ukweli wa ulimi. Hata hivyo alipotaka apewe madaraka, Mtume Mtukufu, rehema na amani zimshukie, alimweleza kwamba yeye ni dhaifu kwa kazi hiyo na kwamba madaraka ni amana. Hakuambiwa kwamba imani yake ina kasoro. Ikiwa Abu Dharr hakupewa madaraka kwa sababu ya ibada zake peke yake, sisi twapata wapi ruhusa ya kumpa mtu kura kwa sababu tu twamwona katika safu ya mbele siku ya Ijumaa? Na kwa hoja hiyo hiyo, twapata wapi ruhusa ya kumnyima mwenye sifa kwa sababu anasali Jumapili?

MFANO ULIO KARIBU NASI

Ili maneno haya yasibaki hewani, tuchukue mfano mmoja ambao wakubwa wenu wanaukumbuka vizuri, nao ni wa Dkt. Salim Ahmed Salim.

Alizaliwa Zanzibar mwaka 1942. Mwaka 1964, akiwa na umri wa miaka 22, alipelekwa Misri kuwa balozi. Kuanzia 1970 hadi 1980 alikuwa mwakilishi wa kudumu wa Tanzania katika Umoja wa Mataifa, na mwaka 1979 alichaguliwa kuwa Rais wa Baraza Kuu la Umoja huo. Mwaka 1981 aligombea ukatibu mkuu wa Umoja wa Mataifa dhidi ya Kurt Waldheim. Katika Baraza la Usalama zilipigwa kura duru 16 bila mshindi kupatikana. Marekani ilitumia kura ya turufu dhidi ya Salim, na China ikafanya hivyo dhidi ya Waldheim. Mwisho akachaguliwa mtu wa tatu, Javier Pérez de Cuéllar wa Peru. Alipofariki Waziri Mkuu Edward Moringe Sokoine katika ajali ya gari mwezi Aprili 1984, Salim ndiye aliyeshika nafasi hiyo. Na kuanzia 1989 hadi 2001 alikuwa Katibu Mkuu wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika, kule Addis Ababa.

Mtu huyu alitajwa kwa urais mara mbili. Mwaka 1985, Mwalimu Nyerere alipokuwa anang'atuka, jina lake lilijadiliwa ndani ya chama pamoja na majina ya Ali Hassan Mwinyi na Rashidi Kawawa, na akapitishwa Mwinyi. Mwaka 2005 aliingia mwenyewe katika kinyang'anyiro cha CCM. Mkutano Mkuu uliofanyika Dodoma mwezi Mei ulipigia kura majina matatu. Jakaya Kikwete alipata kura 1,072, Salim kura 476, na Profesa Mark Mwandosya kura 122.

Hatusemi kwamba wajumbe wale walikosea. Mzee Kikwete naye alikuwa na sifa zake: alikuwa afisa wa jeshi, alifanya kazi za chama mikoani kwa miaka mingi, alikuwa waziri wa fedha, kisha waziri wa mambo ya nje kwa miaka 10. Mtu mwadilifu angeweza kupima na kumchagua yeye kwa dhamiri safi. Tunachokitazama ni namna Salim alivyojadiliwa, kwa kuwa katika mjadala ule zilichanganywa hoja za aina mbili ambazo hazifanani hata kidogo.

Aina ya kwanza ilikuwa ya haki. Walisema wengine kwamba Salim alikaa nje ya nchi muda mrefu. Miaka 12 ya Addis Ababa, na kabla yake miaka 10 ya New York, ilimweka mbali na wajumbe wa wilayani, huku mwenzake akiwa anajulikana kwa jina na kwa sura hadi ngazi ya chini, tena akiwa na kundi la waungaji mkono lililojipanga mapema, lile ambalo watu waliliita "mtandao". Hiyo ni hoja ambayo mgombea aweza kuijibu, kwa maneno au kwa miguu yake: aende wilayani, akae na watu, awaonyeshe kwamba anazijua shida zao.

Aina ya pili ilikuwa ya kunong'ona. Yalienezwa maneno juu ya asili yake, kwamba ana damu ya Kiarabu, na juu ya siasa za vyama vya Zanzibar za kabla ya Mapinduzi. Hebu tupige hesabu kidogo. Mapinduzi yalitokea Januari 1964, na wakati huo yeye alikuwa hajatimiza miaka 22. Katika mwaka ule ule wa Mapinduzi alipewa ubalozi. Wale walioyashuhudia mambo yale kwa macho walimwamini wakampa bendera yao aipeleke Cairo. Na miaka 41 baadaye, baada ya uwaziri mkuu na kazi zote tulizozitaja, yakatafutwa maneno kwamba haaminiki. Hoja ya namna hiyo mtu hawezi kuijibu, maana hakuna anayeweza kwenda kubadilisha babu zake.

Tena angalieni jambo jingine. Kati ya watatu wale wa mwisho, Kikwete na Salim wote wawili walikuwa Waislamu. Basi baina yao dini haikuweza kutumika kugawa watu. Je, kugawa kukakoma? Hakukukoma. Palipokosekana ufa wa dini ulitafutwa ufa wa asili. Na hii ni ibra kwetu: mwenye kuzoea kuuliza "ni wa kwetu?" hatashiba hata akipewa wa kwetu. Atauliza tena: wa kwetu wa upande gani, wa ukoo gani, wa rangi gani?

Na hapa ndipo lilipo tatizo la lile swali la tatu. Yule ambaye angeona haya kusema, "Mimi simtaki kwa sababu ya asili yake," hujificha nyuma ya watu wengine na kusema, "Mimi sina tatizo naye, lakini wananchi hawatamkubali." Hivyo chuki ambayo hakuna anayekiri kuwa nayo hupitishwa mkono kwa mkono, kila mmoja akisema ni ya jirani. Mwenye kuulizwa ushahidi hujibu, "Lisemwalo lipo." Ndugu zangu, mithali hiyo si ruhusa ya kusengenya. Mara nyingi lisemwalo lipo kwa sababu tumelisema sisi.

KUKUBALIKA HUJENGWA

Wapo watakaosema: "Mnayoyasema ni mazuri, lakini siasa ni hesabu. Mtu akiwa hakubaliki, sifa zake zitamsaidia nini?"

Twajibu kwamba kukubalika si kama urefu wa mtu, ambao huzaliwa nao na kufa nao. Ni kitu kinachojengwa na kubomolewa, na mara nyingi waliojiita wataalamu wa hesabu hiyo wameshindwa kuikokotoa. Mwaka 1995, katika Mkutano Mkuu wa CCM, Kikwete ndiye aliyeongoza duru ya kwanza. Katika duru ya pili Benjamin Mkapa alimpita kwa kura 686 dhidi ya 639. Nje ya chama aliyekuwa akishangiliwa barabarani ni Augustine Mrema, ambaye watu walilisukuma gari lake kwa mikono. Mkapa hakuwa mtu wa kushangiliwa hivyo. Lakini chama kilisimama nyuma yake, Mwalimu Nyerere akazunguka nchi kumwombea kura, na mwisho akatangazwa kupata takriban asilimia 62. Yule ambaye hakuwa na umaarufu mkubwa alikubalika, kwa kuwa wapo waliojitolea kueleza kwa nini anafaa.

Mfano wa mbali zaidi, lakini wenye damu ya jirani zetu wa Kenya, ni wa Barack Obama, ambaye baba yake alitokea Kogelo. Alipotangaza kugombea urais wa Marekani Februari 2007, yalikuwapo maswali ya haki juu yake. Alikuwa na miaka miwili tu katika Seneti, na watu walikuwa na haki ya kuuliza kama uzoefu huo unatosha. Lakini swali kubwa mitaani lilikuwa jingine: je, Wamarekani weupe watamchagua mtu mweusi? Hata Wamarekani weusi wengi walisita mwanzoni na kumwelekea mpinzani wake, Hillary Clinton, si kwa kumchukia Obama bali kwa kudhani kwamba kumpa kura ni kuitupa. Januari 3, 2008, jimbo la Iowa, ambalo wakazi wake wengi mno ni weupe, lilimpa ushindi katika duru ya kwanza ya kutafuta mgombea wa chama. Baada ya hapo waliokuwa wakisita wakaacha kusita. Mtu alikuwa yule yule na sifa zake zile zile. Kilichobadilika ni dhana ya watu juu ya watu wenzao.

Na minong'ono hakuikosa. Walisema hakuzaliwa Marekani, na kwa hiyo sheria haimruhusu. Hilo ni swali letu la kwanza, na jibu lake ni karatasi. Karatasi zilitolewa, na Aprili 2011 akatoa hati kamili ya kuzaliwa kwake Honolulu mwaka 1961. Wapo walioendelea kuuliza hata baada ya hapo. Mwenye kuuliza swali la sheria akaonyeshwa hati, kisha akaendelea kuuliza, hakuwa anauliza sheria.

Walisema pia kwamba ni Mwislamu wa siri. Oktoba 2008 Colin Powell, jenerali mstaafu na aliyekuwa waziri wa mambo ya nje, mtu wa chama pinzani, aliulizwa habari za uchaguzi ule katika televisheni. Alieleza kwamba Obama ni Mkristo na amekuwa hivyo siku zote. Lakini akaongeza kwamba jibu lililo sahihi zaidi ni kuuliza, je, angekuwa Mwislamu kungekuwa na kosa gani? Akamkumbuka askari kijana Mwislamu aliyekufa Iraq akiitumikia Marekani. Maneno yale yalitufurahisha sisi Waislamu wa Afrika ya Mashariki, na yalistahili kutufurahisha. Lakini mwenye kufurahi anapotendewa haki kule mbali anadaiwa kuitenda haki hiyo nyumbani kwake.

WAJIBU WETU

Hatusemi kwamba swali la tatu ni haramu. Chama kinachotafuta mgombea kina haki ya kuliuliza, kwa kuwa kazi ya chama ni kushinda. Lakini mpiga kura hana kazi hiyo. Akiingia katika kile kituo, akasimama peke yake na karatasi yake, haulizwi wengine wataweka alama wapi. Aulizwa yeye anaona nani anafaa. Anayesema, "Ningempa fulani, lakini hatapita," na wa pili akasema hivyo hivyo, na wa elfu naye akasema hivyo hivyo, watakuwa wamemwangusha mtu kwa mikono ya wale wale waliompenda. Kisha watarudi nyumbani wakilalamika kwamba nchi haina viongozi.

Basi jina linapotajwa barazani, tuzoeane kuuliza mambo manne kabla ya kuuliza kama anauzika.

Kwanza, alipopewa kazi aliifanyaje? Kila anayetajwa kwa urais amewahi kushika jambo fulani: wizara, halmashauri, shule, jeshi au chama. Mahali hapo pana watu wanaokumbuka.

Pili, mali yake ilikuwaje alipoingia, na ilikuwaje alipotoka? Sheria ya Maadili ya Viongozi wa Umma ya mwaka 1995 inawataka viongozi watoe tamko la mali na madeni. Jambo ambalo sheria imeona ni muhimu sisi hatuwezi kuliona dogo.

Tatu, anawatendeaje wanaompinga na walio chini yake? Tabia ya mtu haionekani anaposhangiliwa. Huonekana anapoambiwa kwamba amekosea.

Nne, nani analipia safari yake? Tanzania ilipitisha wakati ambapo sheria iliruhusu "takrima" za uchaguzi, mpaka Mahakama Kuu ilipoibatilisha ruhusa hiyo mwaka 2006. Mahakama yaweza kubatilisha sheria, lakini haiwezi kuutoa mkono wa mtu kwenye sahani ya pilau. Anayekula leo asishangae kesho akikuta dawa hakuna zahanati. Gharama ya pilau ile imekwisha kulipwa, na mlipaji ni yeye.

Na la mwisho ni ulimi. Mkisikia habari za asili ya mtu, kabila lake au dini yake zikitolewa kama hoja, muulizeni msemaji kwa upole: "Ndugu, hilo lahusiana vipi na kazi anayoiomba?" Swali hilo fupi hukata mnyororo. Minong'ono huishi kwa kupokewa. Ikikosa wa kuipokea hufa.

Huenda tukamchagua mwenye kufaa naye akashindwa. Hilo si aibu kwetu. Tumetoa ushahidi wa kweli, na matokeo yamo mikononi mwa Mwenyezi Mungu. Aibu ni kumjua mwenye kufaa, kumwacha kwa kuogopa hesabu za watu, kisha kusema hatukuwa na la kufanya.

Mwenyezi Mungu atupe macho ya kuwatambua wanaofaa, ulimi usiomdhulumu mtu kwa nasaba yake, na moyo wa kuirudisha amana kwa mwenye kustahili. Aijalie nchi yetu na nchi za jirani zetu amani na viongozi waadilifu. Amin.